Kwa hesabu yangu, barafu haiyeyuki Mombasa

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, mkaazi wa Likoni, baba wa watoto watatu. Nina miaka 11 kazini, katika maabara ya kiwanda kimoja cha mafuta ya kupikia huko upande wa bara. Mimi ni msaidizi tu. Napanda kwenye matangi kuchukua sampuli, napima asidi iliyomo kwenye mafuta, naandika daftarini, naosha vyombo. Cheti changu ni cha kidato cha nne. Mwaka jana mkuu wa maabara aliniita akaniambia kuna mzee anastaafu Desemba hii, na nikiwa na diploma, au hata nikiwa njiani kuipata, jina langu litatangulia. Basi nikajiandikisha masomo ya jioni kwenye chuo kimoja kisiwani.

Karo aliitoa mke wangu. Yeye anauza bhajia, viazi karai na kaimati mlangoni petu kuanzia saa kumi za jioni. Zamu yake ya chama ilipofika alipewa shilingi 60,000. Alikuwa akizingojea anunue friza. Hakununua, alinilipia mimi.

Mama, kemia ya jumla imenishinda. Mtihani ulikuwa na sehemu tatu. Themodainamiki, yaani hesabu za joto na nishati, ilikuwa na alama 40, nikapata 6. Kinetiki, yaani kasi ya mmenyuko, alama 30, nikapata 10. Kutaja majina ya misombo ya kaboni alama 30, nikapata 15. Jumla 31, na kupita ni 40.

Kuna swali moja linanirudia hata nikiwa kwenye feri. Tuliambiwa barafu ikiyeyuka inachukua kilojouli 6.01 kwa moli (kipimo cha wingi wa dutu), na entropi yake, yaani mtawanyiko wake, inaongezeka kwa jouli 22.0 kwa moli kwa kila Kelvini. Tuonyeshe kwa hesabu kama itayeyuka yenyewe kwenye nyuzi 30. Fomula niliikumbuka: ΔG = ΔH − TΔS, yaani joto linalochukuliwa, toa halijoto mara ongezeko la entropi; ΔG ikiwa hasi jambo linaweza kutokea lenyewe, ikiwa chanya halitokei. Nikaweka nambari, nikapata 5.35, chanya, nikaandika kwa mkono wangu: haiyeyuki. Mimi mzaliwa wa Likoni, niliyekimbia na barafu kwenye gunia nikiwa mtoto ili ifike nyumbani kabla haijaisha. Mwalimu hakuandika kitu, aliweka alama ya kuuliza tu.

Mengine ni ya namna hiyo hiyo. Nikiona ΔG ni hasi naandika mmenyuko utakwenda kwa kasi, nakatwa. Nikiona 2 mbele ya dutu kwenye mlinganyo, naandika oda (namna kasi inavyofuata wingi wa dutu hiyo) ni 2, nakatwa. Kwenye majina nahesabu kaboni kutoka kushoto, kama mtu anavyosoma, na mara nyingi ilitakiwa nianze kulia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha nne na kemia ni somo lake. Alikuwa akitafuta kikokotoo kwenye mkoba wangu akaukuta ule mtihani. Aliposoma ile ya barafu alicheka, kisha akaniona uso akanyamaza. Akasema, "Baba, hukugeuza kuwa Kelvini." Tangu siku hiyo ananifundisha kila usiku, saa tatu mpaka saa tano. Na mimi nikamwomba asimwambie mama yake, kwa sababu mama yake nilikwishamwambia nimepata 52.

Mke wangu akipita na ndoo yake anatukuta tumeinamia daftari, anatabasamu. Anadhani mimi ndiye ninayefundisha. Amewaambia dada zake. Juzi tulikuwa harusini, shemeji mmoja akanishika mkono, akaniambia, "Angalau wewe shule yako imerudi nyumbani." Nilikula pilau ile kama nakula mchanga.

Mtihani wa majaribio umepita na binti yangu ameshuka. Si kemia, ni hisabati na fizikia. Anasema anasinzia darasani. Shuleni kwake tunadaiwa 28,500, na sapu yangu, yaani mtihani wa kurudia, ni Septemba, pamoja na karo ya muhula mpya 30,000. Hela ya kulipa zote mbili haipo.

Nikuulize: nina kichwa cha kemia au najidanganya? Niache chuo ili pesa ziende kwa mtoto? Na je, ni aibu mzazi kufundishwa na mtoto aliyemzaa? Mke wangu akijua atavunjika moyo, na sijui kama utaunganika tena.

Baba Mwanafunzi, Likoni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kama mwalimu. Kabla ya safu hii nilifundisha kemia miaka 17, na chaki bado naiota usiku. Utanivumilia nikichanganya kazi zangu mbili.

Umeniuliza maswali matatu: la kichwa, la pesa na la aibu. Mimi nimeliona la nne ambalo umelipita kando kwa kando bila kulitaja. Binti yako amebeba nini? Nitalifikia. Tuanze na kichwa, kwa sababu naona hilo ndilo linalokutia giza katika yale mengine.

Unasema kemia imekushinda. Hebu tuiangalie ile barafu. Fomula uliiandika sawa, tarakimu zilikuwa sawa, na hata jouli 22.0 ulizigeuza kuwa kilojouli 0.0220, maana usingepata 5.35 bila kufanya hivyo. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi walipokuwa wakitumbukia. Asiyegeuza anapata hasi elfu sita na zaidi, barafu yenye nguvu za bomu. Wewe shimo hilo uliliruka, ukaja kujikwaa kwenye jiwe dogo la mbele yake: uliweka nyuzi 30 mahali pa Kelvini 303, yaani 30 ukijumlisha 273. Weka 303, uzidishe kwa 0.0220, utapata 6.67. Toa kwenye 6.01, unabaki na hasi 0.66. Imeyeyuka. Hilo ni kosa la mtu aliyekuwa na haraka, au na hofu. Asiyejua chochote hafiki hata kwenye 5.35.

Kuna kitu nadhani hukukiona, na huenda hata mwalimu wako hakijui. Huko kazini, ukishaiyeyusha sampuli kwenye spiriti ya moto, ukatia matone yako na kuachia sodiamu haidroksaidi kwenye bureti mpaka rangi ya waridi ikakaa, unapata asilimia ya asidi kwa kuzidisha kwa 25.6, sivyo? Kwa mafuta ya mawese ndiyo nambari inayotumika. Umewahi kujiuliza imetoka wapi? Moli moja ya asidi ya palmitiki, ile inayohesabiwa kwenye mafuta ya mawese, ina uzito wa gramu 256. Ukigawa kwa 1,000 kwa sababu bureti inasoma mililita, ukazidisha kwa 100 kwa sababu unataka asilimia, unabaki na 25.6. Miaka 11 umekuwa ukigeuza vizio kila siku ya kazi bila kukosea. Kuna mtu alikufichia kazi hiyo ndani ya nambari moja, basi. Kwenye mtihani wamekufunulia, ukadhani ni kitu kigeni.

Na hiyo palmitiki, jina lake la darasani ni asidi ya heksadekanoiki. Heksadeka ni 16, kaboni kumi na sita. Nyingine unayoijua vizuri, oleiki, ni asidi ya oktadeki-9-enoiki: kaboni 18, na kifungo maradufu kinaanzia ya 9. Ya 9 kutoka wapi? Kutoka kwenye ile kaboni ya asidi, hata kama mchoraji ameiweka kulia, kushoto au juu. Ni kama kumwanza mwenye heshima, hatuulizi amekaa upande gani wa mkeka. Kikundi chenye cheo ndicho kinachopewa nambari ndogo. Kama hakuna chenye cheo, basi tazama kifungo maradufu, kisha matawi. Hizo alama 15 ulizopata zilikuwa karibu sana na 25.

Kwenye kinetiki kidogo nitakugombeza, kwa sababu hapo kazi yako inakupa jibu na wewe unalikataa. Chupa ya mafuta imekaa kwenye rafu ya duka, juu yake kuna hewa. Themodainamiki inasema mafuta yale na oksijeni vingependa kuwa kaboni dayoksaidi na maji, ΔG ni hasi tena hasi kubwa. Na chupa imekaa pale miezi. Alama ya ΔG inakwambia njia inaelekea upande gani. Haikwambii lini utafika, kwa maana kuna kilima cha kupanda kwanza, na hicho kilima ndicho kazi ya kinetiki. Lakini tangi likipata joto kuliko kawaida, wewe ndiye wa kwanza kujua mafuta yataharibika mapema. Fomula ya jambo hilo aliitoa Msweden mmoja, Svante Arrhenius, mwaka 1889. (Tasnifu yake ya udaktari pale Uppsala mwaka 1884 ilipewa alama ya chini, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel kwa wazo lililotokana na kazi ile ile. Sisemi na wewe utaipata. Nakwambia tu kwamba karatasi yenye alama mbaya si jambo geni katika ukoo huu.)

Oda nayo haisomwi kwenye mlinganyo. Inatafutwa kwa jaribio. Unashikilia vyote palepale, unaongeza kimoja maradufu, unatazama kasi. Isipobadilika ni 0, ikiwa maradufu ni 1, ikiwa mara nne ni 2. Ndivyo mnavyotafuta chanzo cha tatizo kiwandani, kimoja kimoja.

Basi swali la kichwa nalirudisha kwako likiwa limegeuka: je, huwezi kemia, au unapoingia chumba cha mtihani unaiacha mlangoni kemia unayoijua, kwa kudhani ya shuleni ni nyingine?

Sasa aibu. Mzazi kufundishwa na mwanawe, mimi sioni fedheha yake ilipo. Nusu ya wazee wa mji huu wamefundishwa M-Pesa na wajukuu wao, na hakuna aliyeshuka heshima. Nikisoma barua yako tena, sidhani hata wewe unaona haya kwa kufundishwa. Ulipomwomba asimwambie mama yake, ulikuwa unalinda nini? Ile 52, nadhani. Masomo ya usiku yamekuja kuwa pazia la ile 52, na mtoto ndiye aliyelishikilia pazia hilo.

Nilikwambia nitalifikia. Umri wa miaka kumi na saba au kumi na minane ni umri wa kuweka siri za marafiki. Siri ya baba dhidi ya mama ina uzito mwingine. Kila mama anapopita na ndoo akatabasamu, binti naye anatabasamu, na anajua ni uongo. Unasema amesinzia darasani kwa sababu ya saa tano za usiku. Pengine ni kweli. Mimi ningependa kujua akishalala, analala?

Hata hivyo usikate masomo yenu ghafla ukadhani umemwokoa. Kufundisha majina ya misombo na mambo ya kilima cha nishati ni marudio yake mwenyewe, yako kwenye silabasi yake ya kidato cha nne. Entropi, ΔG na hesabu za oda haziko. Hapo anakusomea wewe, anatumia akili aliyoiweka kwa ajili ya fizikia. Unaweza kumuuliza anataka yapi yabaki na yapi yaondoke. Na ukimuuliza, uwe tayari kusikia kitu usichokitaka.

Kuhusu mke wako, unasema moyo utavunjika na huenda usiunganike. Huenda. Mimi simjui, wewe unamjua. Lakini mwanamke aliyeacha friza aliyoingojea akaiweka pesa kwenye karo ya mumewe, alinunua alama 40 au alinunua kitu kingine? Jiulize pia ni nini kitakachomuuma zaidi: 31, au harusini, pale shemeji alipokushika mkono na wewe ukanyamaza?

Njia ninazoziona hazifanani, na kila moja ina mwiba.

Unaweza kumwambia sasa, kabla ya Septemba. Mwiba wake unaujua: hasira, maneno, pengine dada zake kuhusishwa, na wewe kukaa kwenye kiti cha sapu huku nyumba imenuna. Ukichagua hii, nakuomba jambo moja tu. Mwachilie binti kwanza. Mwambie utasema, na kwamba kosa la kuficha ni lako. Asije akasikia mama yake akiuliza, "Na wewe ulijua?" bila ya kuwa amejiandaa.

Unaweza kungoja, upite sapu, kisha useme ukiwa na alama nzuri mkononi. Wanaume wengi walioniandikia huipenda hii, na naielewa. Hatari yake ni kwamba ukipita utajiambia hakuna haja tena ya kusema, na ukifeli utakuwa na mbili za kusema. Halafu kuna karatasi. Chuo hutoa karatasi, karatasi hukaa mikobani, na umekwishaona nani hufungua mkoba.

Kuacha chuo kabisa, sina ubishi nako kama ni hesabu ya pesa. 28,500 na 30,000 hazitoki kwenye karai moja. Ninachokuuliza ni kama utaacha kwa ajili ya pesa au kwa ajili ya ile alama ya kuuliza ya mwalimu. Kwa sababu ukiacha ukasema nimeacha kwa ajili ya mtoto, mtoto atalisikia, na yeye anajua kuna mtihani mkobani. Atajihesabia kwamba yeye ndiye aliyecheka.

Na kuna ya katikati, ambayo watu husahau kuiuliza: kuahirisha muhula. Vyuo vingi vina utaratibu huo, na hutakiwa uombwe kwa maandishi mapema, kabla ya karo kuanza kudaiwa. Nenda kwa msajili ukaulize wakati bado unayo sapu mbele yako, na uulize pia kama kuahirisha kunaigusa hiyo sapu. Ubaya wake ni Desemba. Ndiyo maana kabla ya chochote ningependa umrudie mkuu wako wa maabara. Alisema "njiani kuipata". Njiani ni kufika wapi? Aliyeahirisha muhula mmoja yuko njiani au hayuko? Na ahadi hiyo ameiandika mahali, au ilikuwa ya mdomo, milango ya maabara ikiwa wazi na mashine zinalia? Simshuku. Ila naona familia nzima imeegemea neno moja la mtu, na hujalipima kama unavyopima mafuta yake.

Sikwambii ufuate ipi. Ningekuwa nimekaa mlangoni kwenu nikila viazi karai ningeona mengi ambayo barua haiwezi kuyabeba, kama vile huyo mama anavyokutazama usipoangalia.

Moja la ziada, la kukufanyia mazoezi. Irudie barafu yako kwenye Kelvini 263, yaani nyuzi 10 chini ya sifuri, halafu kwenye 273, yaani nyuzi sifuri, uandike vizio katika kila mstari hata pale unapoona ni utoto. Ya kwanza itakupa chanya kidogo, kama 0.22, barafu imekaa. Ya pili itakaribia sifuri, maana hapo ndipo barafu na maji hulingana, na usifute ukidhani umekosea.

Na siku utakayoamua kuzungumza na mama watoto, kama utaamua, usimwendee baada ya saa kumi. Mtu mwenye karai la mafuta ya moto mbele yake na wateja sita wamesimama hapewi habari. Ngoja auze, ahesabu, aoshe miguu. Na binti awe ameshalala.

Mama Mshauri